Tundu la Wajane

Katibu wa kijiji alisoma majina mpaka karatasi ikaisha, akaikunja, akaibana kwapani. Jina la marehemu Aroni halikusomwa.

Ma Kokugonza alikuwa amesimama mbele kabisa, mlangoni pa ghala la kahawa la Buganguzi. Alijifunga khanga mpya, kwa kuwa siku ya malipo ya pili mtu haendi ghalani na khanga ya shambani. Alingoja katibu aseme amesahau. Katibu akaanza kufunga mlango.

"Katibu, umeruka."

"Sijaruka, Ma."

"Aroni husomwa baada ya Anatoli, kila msimu."

"Anatoli nimemsoma. Baada yake pameandikwa mtu mwingine."

"Soma tena."

"Karatasi hii sikuiandika mimi. Imetoka kwenye mashine, Dar es Salaam. Hata nikiisoma mpaka kesho haitazaa jina."

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko kidogo cha watu waliokwisha kulipwa, ambao hawataki kuonekana wabaya lakini pia hawataki kuondoka kabla ya kuona mwisho.

Privatus alijitenga na ukuta aliokuwa ameuegemea. Alikuwa mtoto wa kaka yake Aroni, kijana mwenye shati safi na sauti ya upole ambayo Ma Kokugonza aliichukia kuliko matusi. "Mama mdogo, usimsumbue katibu. Mashine haina ukoo wala haina chuki. Ikisema kibanja hakina mtu, basi hakina mtu."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mke wa baba mdogo. Baba mdogo amekufa. Tumekuvumilia."

"Mmenivumilia! Buni ile inachumwa na mikono ya nani?"

"Kwenye miti ya nani?"

Hapo alikuwa amemshika pabaya. Aroni aliacha mabinti watupu, na kibanja, yaani nyumba, migomba na mibuni yake, kwa mila ni mali ya ukoo. Mrithi alikuwa Privatus. Mjane aliruhusiwa kukaa, kulima na kula mpaka afe, ilimradi asisahau kwamba anakula kwa hisani. Kahawa aliiuza kwa jina la marehemu, na mbele ya jina hilo karatasi za malipo ziliweka nyota. Nyota ilimaanisha: mwenye jina amekufa, malipo achukue mjane, mwanamume yeyote wa ukoo asiguse. Privatus alikwisha jaribu kugusa mara moja, enzi za chama cha ushirika kabla hakijavunjwa, karani akamwonyesha nyota na kumfukuza dirishani. Hakusahau.

Mwaka huu karatasi haikuwa na nyota hata moja. Nyuma ya Ma Kokugonza alisimama Benadetha, jirani yake, mjane kama yeye, ambaye pia hakusomwa. Nyuma yao walikuwapo wengine. Ma Kokugonza aligeuka kuwatafuta. Benadetha alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe.

"Kibanja kisicho na mtu kwenye karatasi kinaandikishwa upya," katibu alisema akigeuza ufunguo. "Mkubwa wa ukoo aje na mrithi. Baraza la kijiji litakaa Jumamosi ya wiki ijayo."

"Mkwe wangu ndiye mkuu wa kumbukumbu wa Ofisi ya Kahawa huko Bukoba!" Ma Kokugonza alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nitakwenda kwake leo."

"Nenda," Privatus akasema. "Na umwulize kwa nini amemuua mumeo mara ya pili."

Safari hii walicheka bila kujificha.

* * *

Jioni ile Ma Kokugonza alikuwa Ijuganyondo, nje kidogo ya mji wa Bukoba, nyuma ya nyumba ya binti yake Immakulata. Alikuja juu ya lori la ndizi, na mkungu mmoja alikuja nao, maana mtu haendi kwa mkwe mikono mitupu hata kama anakwenda kumtukana. Alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, mgongo ameuelekeza kwenye mlango. Ndani, mezani, alikaa mkwe wake Apolinary. Tangu siku ya harusi wawili hao hawakuwahi kukaa chumba kimoja wala kutazamana machoni wala kuitana. Ndivyo heshima ilivyotaka. Walisikilizana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipita kwa Immakulata, ambaye alisimama kizingitini.

"Mwambie mumeo namsalimu."

"Mama anakusalimu."

"Mwambie karibu, na ndizi tumepokea, ahsante."

"Mwambie sikuja kwa ajili ya ndizi. Mwulize jina la baba yako liko wapi."

Immakulata hakurudia. Alimtazama mumewe tu. Apolinary aliweka kikombe chini, akakizungusha mpaka mpini ukamwelekea.

"Mwambie ni mambo ya mashine. Yatarekebishwa."

"Mwulize lini. Jumamosi ya wiki ijayo Privatus anakabidhiwa kitanda changu."

"Mwambie jedwali la alama limebadilika, na kadi zilizotobolewa kwa jedwali la zamani..."

"Mwambie aseme lugha ya watu!"

"Semeni wenyewe!" Immakulata alifoka. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Siku nzima alikuwa akirudia maneno kwa wasioelewa, na hawa walielewa. "Masikio mnayo, wote wawili. Mimi si bomba la maji."

Kisha Apolinary alianza kueleza, polepole, akiutazama ukuta kana kwamba ukuta ndio mama mkwe.

"Mashine haisomi kama sisi. Inapapasa matundu kwenye kadi, kama kipofu. Tundu likiwa hapa ni A, likiwa pale ni B. Jedwali ndilo linalosema lipi ni lipi. Katika jedwali la zamani zilikuwapo nafasi zisizo na kazi. Nilipoajiriwa tulikuwa na tatizo la wajane. Wazee wa ukoo hawakukubali jina la mwanamke liandikwe kwenye kahawa, na wajane walikuwa wanaporwa malipo. Nikachukua nafasi moja tupu, nikaifanya nyota. Mashine ikaikubali. Nilipongezwa."

"Na sasa?" Immakulata aliuliza.

"Sasa limekuja jedwali jipya, la nchi nyingi, ili mashine za huku na za ng'ambo zisomane. Nafasi ile imepewa kazi nyingine."

"Kazi gani?"

Apolinary alikizungusha kikombe tena.

"Apolinary. Kazi gani?"

"Kufuta. Kadi yenye tundu pale, mashine inaelewa kwamba mtu huyo afutwe."

Nje, Ma Kokugonza aliacha kusogeza kuni. "Mwulize mumeo ile nafasi aliomba kwa nani."

"Sikuomba. Ilikuwa tupu."

"Mwambie shamba tupu lina mwenyewe. Mhaya gani asiyejua hilo? Unaona mahali hapajalimwa, hujengi, unauliza kwanza pa nani. Yeye amekwenda kujenga nyumba yetu kwenye shamba la mtu, mwenyewe amerudi, ametia moto."

Lilikuwa kweli, na Apolinary alilijua. Angeweza kusema kwamba wakati ule hakukuwa na mtu wa kuuliza, kwamba barua za Dar es Salaam hazikujibiwa. Lakini hata hilo hakulijaribu. Alipenda nyota yake, alipenda kuitwa aliyeokoa wajane, na hakutaka mtu amwambie hapana.

Immakulata ndiye aliyefika mahali mumewe alipokuwa akipaogopa.

"Ulijua lini?"

"Jedwali lilipofika."

"Nimeuliza lini."

"Kabla ya Pasaka."

"Pasaka ulikwenda Buganguzi. Ulikula matoke ya mama na kuku wake. Ulifungiwa hata kahawa ya kutafuna njiani."

"Nilimwandikia meneja. Nilimwambia kadi zote za wajane zitobolewe upya kabla ya msimu. Akanirudishia karatasi bila neno."

"Na ukanyamaza."

"Nina kazi, Imma! Nyumba hii ni ya Ofisi. Meza hii ni ya Ofisi. Kitanda unacholalia ni cha Ofisi."

"Basi lala nacho," Immakulata alisema. Akatoka, akafunga mlango, akaenda kukaa na mama yake jikoni.

* * *

Asubuhi mama na binti walikwenda Ofisi ya Kahawa mjini. Mlinzi aliwaambia wakulima wapite nyuma. Immakulata akamwambia yeye ni mwalimu. Mlinzi akamwambia basi walimu nao wapite nyuma, na kule nyuma wakakalishwa kwenye benchi karibu na choo mpaka jua lilipopanda juu ya mabati. Kutoka dirishani walisikia mashine ya kutobolea kadi, kelele kavu kama mbuzi anayetafuna maganda ya mahindi. Ilitafuna, ikanyamaza, ikatafuna tena.

Meneja Gamaliel alipowaita, Apolinary alikuwa tayari mle chumbani, amesimama pembeni ya kabati. Ma Kokugonza alipomwona alirudi nyuma hatua moja. Kisha alichukua kiti, akakigeuza kikaangalia ukutani, akakaa.

Gamaliel alicheka. Alikuwa mtu wa mjini, Mluteri, mtoto wa mchungaji, mwenye kalamu nyingi mfukoni. "Mama, hapa hatuna mambo ya mkwe. Hapa sote ni ndugu."

"Ndugu yangu ndiye aliyenifuta?" Ma Kokugonza aliuambia ukuta.

"Hakuna aliyekufuta. Nchi nzima sasa ina jedwali moja. Kilimanjaro wanauza kahawa, Mbinga wanauza kahawa, wajane wanao, na hawana nyota. Ni Bukoba tu. Mnataka Wahaya wawe na herufi zao peke yao? Na niwaulize jambo jingine, maana naona mmekuja na hasira." Akamgeukia Apolinary. "Kwa nini huyu bwana hakuwaandika wajane kwa majina yao? Chama kinasema binadamu wote ni sawa. Yeye akawachimbia kishimo pembeni, wakae humo wasiwaudhi wazee. Leo kishimo kimefukiwa, kosa ni langu?"

"Wazee wangechoma maghala," Apolinary alisema.

"Labda. Hatukujaribu."

Immakulata alisogea mezani. "Ndugu Meneja, kadi za wajane zitobolewe upya. Hicho tu."

"Kwa mashine zipi, Mwalimu? Zilikuwa tatu. Mbili zimekufa, vipuri viko ng'ambo na fedha za kigeni hazipo. Iliyobaki ina kazi ya msimu. Isitoshe, nimekwisha pigia Dar es Salaam simu kwamba Bukoba imehamia jedwali jipya bila kasoro."

"Umewadanganya."

"Nimewajibu walichouliza. Kinachongojwa ni saini ya mkuu wa kumbukumbu, kwamba kila kadi imesomeka sawasawa. Mkuu wetu wa kumbukumbu naona kidole kinamwuma siku hizi."

Apolinary alitazama sakafu. Immakulata hakuwa amejua habari za saini. Alimtazama mumewe kwa jicho la upande, kama mtu anayeona senti ikimetameta kwenye takataka na hataki kuinama.

Gamaliel alitoa kadi mpya kutoka kwenye droo, safi, haina tundu hata moja. Akaiweka mezani.

"Mashine moja inatosha kutoboa kadi moja. Mama mkwe wa mkuu wa kumbukumbu. Wala si kwa nyota. Kwa jina lake mwenyewe: Kokugonza, mwenye kahawa. Karatasi ya nyongeza itafika Buganguzi kabla ya hilo baraza lenu. Mkuu wa kumbukumbu asaini, msichana atoboe, mama apande lori arudi nyumbani."

"Na wajane wengine?" Immakulata aliuliza.

"Wengine hawana mkwe hapa."

Mashine ya chumba cha pili ilikuwa imenyamaza. Huenda wasichana walikuwa wanasikiliza.

"Sisaini," Apolinary alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini alilisema. Gamaliel aliinua nyusi. Kwa mara ya kwanza tangu usiku Immakulata alitaka kusimama karibu na mume wake. Alianza hata kusogea.

"Saini."

Ma Kokugonza alikuwa amegeuza kiti. Alimtazama mkwe wake usoni, waziwazi, kama mtu anayetazama ng'ombe kabla ya kumnunua.

"Mama..." Apolinary alisema, akainamisha uso kwa aibu.

"Usiniite mama. Nimesema saini. Uliponiweka kwenye hilo tundu hukuniuliza. Uliponifuta hukuniuliza. Leo ndiyo unataka kuwa mtu mwema, kwa kibanja changu? Kuwa mwema kwa cha kwako."

"Mama, na Benadetha je?" Immakulata alimshika mkono. "Na wale wote?"

"Benadetha alisimama nyuma yangu ghalani akatazama miguu yake. Aendelee kuitazama."

"Walikuwa wanaogopa."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini pale, nacheza ngoma?" Aliutoa mkono wa binti yake mkononi mwake, bila ukali. "Wewe una mshahara, mwanangu. Una mume, hata kama ni huyu. Mimi nikitoka kwenye migomba ile nakwenda wapi? Nije nilale jikoni kwako, nimpe mkwe mgongo mpaka nife?"

Apolinary alimtazama mkewe, akingoja neno moja kutoka kwake, lolote. Na Immakulata, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa na neno hilo, hakuwa nalo tena. Alifikiria kigoda cha jikoni.

Apolinary alisaini. Msichana aliitwa, akachukua kadi. Mashine ilitafuna kidogo tu, ikamaliza.

"Karibu Tanzania, mama," alisema Gamaliel.

* * *

Jumamosi ile baraza lilikaa chini ya paa la ghala. Katibu alisoma kwanza karatasi ya nyongeza, yenye jina moja. Alilisoma mara mbili, maana mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Kisha akaendelea na vibanja visivyo na watu. Kimoja baada ya kingine mkubwa wa ukoo alisimama, akamtaja mrithi, katibu akaandika. Cha Benadetha kilikwenda kwa shemeji yake. Alipoulizwa kama ana neno, Benadetha alimtazama Ma Kokugonza, si katibu, akasema hana.

Kesho yake, baada ya misa, ukoo wa Aroni ulifika. Mbele alikuwa Ta Karugendo, mkubwa wa ukoo, na fimbo yake. Nyuma Privatus na wanaume wengine. Ma Kokugonza alitandika mkeka, akaleta kahawa ya kutafuna kwenye kisahani cha majani kama inavyompasa kila mwenye nyumba. Hawakukaa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Immakulata, aliyekuwa amekuja kumsaidia mama yake kuchuma, alikiona kisahani kikibaki mikononi mwa mama yake mpaka mikono ikachoka, ndipo alipokipokea.

"Nyota tuliivumilia," Ta Karugendo alisema. "Nyota ilikuwa inasema: hiki ni cha Aroni, mkewe yumo ndani. Ilikuwa na adabu. Karatasi ya jana inasema hiki ni cha Kokugonza. Kokugonza ni wa ukoo gani?"

"Nimekaa humu miaka yote hii, waitu, mzee wangu, nawe unaniuliza ukoo wangu?"

"Nakuuliza kwa kuwa najua. Si wetu. Kama ungeketi kimya tungekuja, tungekupa kona, migomba ya kula, kibanda. Hatukuwa na nia ya kukutupa njiani."

"Privatus alikuwa na nia."

"Privatus ni mtoto. Wewe ni mtu mzima, na umechukua ardhi ya ukoo umeitia jina lako kwa mgongo wa mkwe. Ni sawa na kuiuza kwa mgeni."

"Mama mdogo amekuwa serikali," Privatus alisema kwa upole wake ule ule. "Tumwamkie."

Wengine walicheka. Ta Karugendo hakucheka. Alinyoosha fimbo kuelekea migombani, mahali kaburi la Aroni lilipokuwa, na pembeni yake nafasi iliyoachwa.

"Pale si pako tena. Serikali imekuandika, serikali itakuzika. Siku ukifa hakuna mtu wa ukoo huu atakayeshika jembe."

Kwa mjane wa umri wake hakuna neno zito kuliko hilo, na wazee walilijua ndiyo maana walikuja nalo.

"Ta Karugendo," alisema Ma Kokugonza, "leo sifi. Kama mmekuja kunizika mmewahi. Na kama hamli kahawa yangu, tokeni kwenye uwanja wangu, nina buni ya kuanika."

Waliondoka. Privatus alikuwa wa mwisho. Alisimama kwenye mlango wa uwanja, akatema mate, akayafukia kwa kiatu kwa makini, kama mtu mwenye adabu.

Immakulata hakurudi Ijuganyondo juma lile wala lililofuata. Shule zilikuwa zimefungwa. Apolinary alimtumia sukari na sabuni kwa dereva wa basi. Mkewe alivirudisha kwa dereva yule yule, karatasi haijafunguliwa.

"Mpokee," mama yake alimwambia. "Amefanya nilichomwambia."

"Ndiyo sababu."

"Unamkasirikia yeye kwa kuwa mimi unaniogopa."

"Wewe sikuogopi, Mama."

"Basi unikasirikie mimi."

Immakulata aliendelea kugeuza buni juani kwa miguu, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Barabarani watu walipita kwenda kisimani. Zamani hakuna aliyepita pale bila kupaza salamu juu ya ua. Sasa walipofika usawa wa nyumba waliongeza mwendo, wanawake kuliko wanaume.

* * *

Mibuni iliiva kwa pamoja, kama inavyofanya mvua inapochelewa, na wawili hawakutosha. Ma Kokugonza aliulizia vibarua. Hakuna aliyekuja. Buni zilianza kudondoka zenyewe.

Ndipo Benadetha alipotokea asubuhi moja, na kikapu kitupu kichwani. Shemeji yake alikuwa amempa banda lililokuwa la mbuzi. Alisimama nje ya ua, hakuvuka.

"Nasikia unatafuta mchumaji."

"Natafuta," Ma Kokugonza alisema.

"Miti yangu mwaka huu sina. Mikono ninayo."

"Nalipa kwa debe. Jioni."

"Nitapokea." Hakusogea bado. "Nikuulize neno. Jina lako lilirudi vipi?"

"Kwa saini ya mkwe."

"Ilikuwapo nafasi ya jina moja tu?"

"Moja."

"Na ulipoambiwa ni moja, ulifikiri muda gani?"

Immakulata aliacha kuchuma. Alitaka kusema kitu, kwamba yeye aliuliza, kwamba alilitaja jina la Benadetha mle ofisini. Alitambua jinsi litakavyosikika, akalimeza.

"Sikufikiri," Ma Kokugonza alijibu. "Nawe siku ile ghalani, ulipotazama chini, ulifikiri muda gani?"

"Sikufikiri," Benadetha alisema.

Akavuka ua. Akachagua safu ya mwisho, karibu na kaburi la Aroni, akaanza kazi. Alikuwa mchumaji mzuri tangu ujana wake. Vidole vyake vilijua kuacha kijani na kuchukua nyekundu bila macho kusaidia. Ma Kokugonza alimkaribia kutoka upande wa pili wa mti, majani yakiwa katikati yao. Aliona mkono wa Benadetha ukishika tawi kwenye shina na kulivuta mpaka mwisho, zote kwa pamoja, nyekundu na mbichi na zile ndogo ambazo zingengoja mwezi mzima, zikamiminikia kikapuni. Akashika tawi jingine. Akalivuta vile vile. Buni hizo zikianikwa pamoja gunia zima lingeshushwa daraja, na tawi lililovuliwa hivyo lingekaa uchi mpaka msimu ujao.

Benadetha aliinua macho, akamwona amesimama pale. Hakuuondoa mkono.

"Mama," Immakulata aliita kutoka safu ya pili, "anachuma mbichi!"

"Nimeona," Ma Kokugonza alisema. "Mwache."

Akainamisha tawi la juu, ambalo Benadetha hakulifikia, akamshikia.